Mchanga wa Balangida Ndani ya Bafu

Mwanangu wa kwanza alitaka bahari iwe ndani ya nyumba yake pale Katesh, na kwa ajili ya bahari hiyo nusura amuue mke wake. Wajukuu wameniomba niandike. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo naandika polepole, na majina ya watu siandiki. Si kwamba nimeyasahau. Ninayo yote kichwani, mpaka la mbwa aliyekuwa analala nyuma ya duka. Lakini wengine wana watoto wanaotafuta wachumba sasa hivi, na sitaki waulizwe maswali.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Zamani sabuni ulipanga foleni, kitambaa ulipanga foleni, halafu ghafla vikaja vitu vyote kwa pamoja: mitumba, redio, mabati ya rangi, viatu vya plastiki. Mwanangu aliacha kuchunga. Akawa ananunua ng'ombe kwa wafugaji wa Hirbadaw na pande za ziwa Balangida, anawapakia kwenye lori mpaka mnadani Dar es Salaam, na lori linarudi limejaa bidhaa. Akafungua duka. Tulipokuja kuambiwa kwamba sisi sasa si Arusha tena, tuna mkoa wetu wa Manyara, yeye alikuwa tayari na nyumba ya matofali ya vyumba vitano, na mimi mama yake, mjane, nalala chumba cha nyuma.

Alikuwa na mkono wa baba yake. Hilo niliseme mapema. Baba yake alinipiga kwa fimbo ya kuchungia, kwa mkanda, kwa mguu wa kigoda. Meno mawili ya mbele alinitoa siku moja kwa sababu maziwa yalimwagika. Damu nilikuwa naiosha korongoni, kisha narudi kukamua, maana ng'ombe hawajui kama umepigwa. Huyu mwanangu akiwa mdogo alikuwa ananifuata korongoni, ananishikia kibuyu cha maji. Nikawa nafikiri mtoto aliyeshika kibuyu kile hawezi kuja kupiga mwanamke. Nilijidanganya.

Mke wake alikuwa binti wa Hirbadaw, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa kinampatia makofi.

Safari moja mwanangu alilala kwenye nyumba ya wageni kule Dar inayotazama bahari. Akarudi hana habari za ng'ombe wala za duka, ni bafu tu. Alikuwa amechana picha kwenye kalenda ya ukutani ya watu, akaikunja, akaificha kwenye soksi.

"Mama, ukiingia mle ni kama umesimama ufukweni," aliniambia. "Ukuta mweupe. Sakafu rangi ya mchanga. Mstari wa bluu mmoja tu, hapa, usawa wa kifua. Na hakuna kitu kingine! Hakuna ndoo, hakuna kamba, hakuna nguo inaning'inia. Kisasa ni hivyo. Safi, jicho lipumzike."

"Na maji yanakaa wapi?" nikamuuliza.

"Yanatoka ukutani."

Mke wake akacheka. "Basi mimi ndiye nitakayeyaingiza humo ukutani."

Kikombe cha chai kilimpata kwenye mfupa wa shavu. Hakikuvunjika, kilikuwa cha bati. Yeye akakiokota, akakiosha, akamwekea chai nyingine. Shavu lilivimba likawa linafunga jicho. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya bafu.

Stoo ya mahindi ilivunjwa ukuta kwa nyundo kubwa. Mwanangu aliipiga mwenyewe, amevua shati, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na kila nyundo ikitua nyumba nzima inaruka. Wakati wa kuvunja alikuwa na furaha. Fundi alitoka Moshi, kijana mcheshi, mwenye penseli nyuma ya sikio. Wawili hao walichora sakafuni kwa chaki: bomba la mvua huku, choo cha kukaa kule, sinki hapa, na katikati patupu. Fundi akasema dirisha dogo liwekwe juu ili mwanga ushuke kama wa asubuhi, na kweli alikuwa anajua kazi. Kwa kuwa maji ya bomba la mtaa yalikuja siku mbili kwa juma, walisimamisha tangi juu ya nguzo nne nje ya ukuta, na aliyekuwa anapanda ngazi na ndoo kichwani kulijaza alikuwa mkwe wangu, mwenye mimba ya miezi saba. Alianguka mara moja. Mwanangu akauliza kama tangi limepona.

Marumaru zilitoka Arusha. Maganda ya konokono wa baharini alikuja nayo kwenye lori, manane, ya kupanga kwenye kibao cha kioo. Kioo cha kujitazamia walikizungushia kamba ya katani. Na kigoda cha kukalia ukiwa unajisugua miguu kilikuwa kisiki cha mgunga kilichokauka kando ya ziwa mpaka kikawa cheupe kama mfupa.

Hilo ziwa ndilo la kulieleza. Balangida likikauka kiangazi linabaki jeupe tupu, na weupe wake ni chumvi. Mimi nimezaliwa ng'ambo yake. Ng'ombe tuliwapeleka kulamba, na wanawake tulikwangua magadi tukayabeba kwa ngozi. Ukikaa pale siku nzima midomo inapasuka. Mtoto wa wafugaji yeyote anajua ardhi ile inaliwa. Lakini mwanangu tulihama naye akiwa mdogo, na alipokuwa mkubwa kuchunga kwake kulikuwa upande wa mlimani. Alipokisomba kile kisiki aliuona mchanga wa ukingoni, laini, mweupe, na macho yake yakaona Dar es Salaam.

"Mchanga wa mtoni ni mwekundu, utanichafulia ukuta," akamwambia fundi. Akapeleka lori. Likaja na mchanga wa Balangida, likamwaga mbele ya nyumba.

Asubuhi ya siku iliyofuata mkwe wangu aligongomea msumari kwenye ukuta mpya, nyuma ya mlango. Msumari mmoja. Alitaka mahali pa kutundika kanga wakati wa kuoga, maana katika mchoro wote wa wanaume wale wawili hakuna aliyekumbuka kwamba mtu akivua nguo lazima aiweke mahali. Mwanangu aliuona. Aliung'oa kwa koleo, kisha akamshika mkewe shingoni kwa nyuma, akaugandamiza uso wake pale penye tundu.

"Hii ni nini? Hii ni nini hapa? Pwani kuna misumari?"

Tumbo lake lilikuwa limebanwa na ukuta. Nilimvuta mwanangu shati, akanisukuma kwa kiwiko bila kunitazama, kama unavyosukuma mbuzi.

Baadaye kidogo nimekaa nje juu ya gunia, nampooza mkwe wangu pua kwa kitambaa cha maji. Fundi akaja na koleo lake la kuchanganyia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mchanga mzuri hivi unatoka wapi? Unang'aa kama sukari."

Nilimtazama. Ningesema neno moja tu, chumvi, na lori lingerudisha ule mchanga ulikotoka. Neno lilikuwa kwenye ulimi.

"Muulize mwenye bafu," nikasema.

Akaenda kumuuliza. Nikamsikia mwanangu anajibu kwa sauti ya kujisifu, "Wa ziwani, huo!" Na fundi, mtu wa Moshi, alijua ziwa lolote ni maji matamu yenye samaki. Akachanganya simenti akiwa anaimba.

Sitajitetea. Nilitaka ukuta ule umshinde. Nilitaka matajiri wenzake waje waone marumaru zinadondoka, wamcheke mpaka atembee ameinama. Nilikaa pale na hasira yangu nikaona nimempiga na mimi, mara moja tu, baada ya kupigwa na baba yake miaka yote ile na kunyamaza. Sikufikiri ni nani atakayelipia.

Bafu likaisha. Niseme kweli, lilikuwa zuri. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia na miguu yangu ile. Weupe ulitulia kila upande, mstari wa bluu umenyooka, mwanga unashuka juu ya ile sakafu ya kimchanga, na hakuna kitu cha kulisumbua jicho. Jirani yetu, mke wa mfanyabiashara wa Kondoa, alivua ndala, akaingia kwa ncha za vidole, akasema, "Dada, humu mtu unaona aibu hata kuwa mchafu." Mwanangu alikuwa anawapitisha wageni kama anaonyesha dume la mnada.

Mvua zilipoanza, ndama wa nyuma ya duka alianza kulamba ukuta wa nje. Alilamba asubuhi, akalamba mchana, akala lipu ikabaki tofali. Sisi wawili, mimi na mkwe wangu, tulimwona. Yeye akanitazama, mimi nikatazama pembeni. Mwanangu alipomkuta alichukua mpini wa sururu akampiga mgongoni. Sauti ilikuwa kama kuni kavu. Ndama akakaa kwa miguu ya nyuma, ya mbele bado inataka kusimama, ulimi wake ungali ukutani. Aliendelea kumpiga kichwani mpaka akanyamaza. Kisha akanawa mikono kwenye sinki jipya.

Baada ya ndama zikaja nywele nyeupe za chumvi. Zilitoka ukutani kwa ndani, laini kama ukungu wa mkate. Ukifuta, kesho zimerudi. Rangi ikavimba mapovu. Mstari wa bluu ukapinda. Marumaru moja ikadondoka usiku, tukafikiri ni mwizi. Fundi alisharudi kwao. Mwanangu alikuwa anaingia mle ndani anapitisha kiganja ukutani, anatoka amefunga taya, na sisi wote tunajifanya tuna kazi.

Mkwe wangu akajifungua mtoto wa kike, salama. Kwetu mwanamke aliyejifungua anakaa ndani miezi ya mwanzo na mtoto wake, analishwa maziwa na mafuta, na mwanaume hamwinulii mkono. Si kwa huruma. Akimpiga kipindi kile, kosa haliwi tena la mke na mume, linakuwa kosa kwa wanawake wote wa nchi ile, nao huinuka wakamhukumu wenyewe. Mwanangu alilijua hilo. Hili si kama chumvi ya ziwa asiyoijua, hili alikua nalo.

Siku ya tisa nilikuwa namkanda kwa maji ya moto mle bafuni, amekaa kwenye kile kisiki, mtoto amelala kwenye karai juu ya kanga. Mwanangu alikuwa sebuleni na wageni wawili wafanyabiashara wa Arusha. Marumaru nne zikaachia kwa pamoja, zikapiga sakafu mlio wa bunduki. Nikasikia mgeni mmoja anasema, "Vipi tena, bosi, pwani kumechafuka?" na mwenzake anacheka.

Aliingia bila kugonga. Alitazama ukuta, akamtazama mkewe, akaitazama beseni ya maji ya moto.

"Umeweka nini kwenye maji? Umeweka dawa gani ukutani kwangu?"

"Sijaweka kitu, baba..."

Bomba la mvua lilikuwa limelegea kwa sababu ukuta ulishamomonyoka. Aliling'oa kwa mkono mmoja. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili sikioni, la tatu jichoni. Maji yalikuwa yanaruka kutoka ukutani yanatulowesha wote, mtoto analia kwenye karai, maganda ya pwani yamemwagika chini yanatukata miguu. Mkwe wangu hakulia. Alijikunja juu ya karai, mgongo juu, akamfunika mtoto, na bomba likawa linatua mgongoni, paa, paa, kama mtu anayepura maharage.

Nikapiga kelele. "Ni mchanga! Mwanangu, ni mchanga wa Balangida, una chumvi! Mimi nilijua! Fundi aliniuliza nikanyamaza. Nipige mimi!"

Alisimama. Alinisikia, niliona macho yake yamenisikia. Alielewa kila neno. Kisha akageuka akaendelea kumpiga mkewe.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Nilikuwa nimefikiri kuna kosa linalotafutwa, na likipatikana mkono utashuka. Miaka thelathini nilikuwa nafikiri maziwa yasingemwagika ningekuwa na meno. Nikajitupa katikati. Bomba likanipata kwenye kifundo cha mkono huu wa kushoto, nikausikia mfupa kabla ya maumivu. Wale wageni ndio waliomshika, na wao walikuwa wanasema, "Bosi, taratibu, ni mambo ya nyumbani."

Yule jirani wa Kondoa alimchukua mkwe wangu na mtoto, akajifungia nao kwake. Mimi nilifunga mkono kwa kanga, nikaomba lifti ya lori la mahindi mpaka njia panda, kilichobaki nikatembea. Nilifika Hirbadaw jua likiwa utosini. Wanawake wazee walikuwa wanatengeneza ngozi kando ya boma. Hawakunisalimia haraka. Walitazama mkono.

"Nimekuja kuita wanawake," nikasema.

Mkubwa wao, aliyekuwa amenizidi miaka mingi, akaniuliza, "Juu ya nani?"

"Aliyepiga mzazi wa siku tisa."

"Nasema juu ya nani. Ana mama?"

"Ana mama."

"Mama yake anasema nini?"

"Ndiye huyu aliyesimama hapa."

Mmoja akatema tumbaku. "Wewe mama wa mjini, unajua wanawake wakishainuka hawarudi kukaa? Usije ukalia katikati ya njia, oh, mwanangu, oh, nilimzaa kwa shida."

"Nitalia," nikamjibu. "Ila msirudi."

Kesho yake asubuhi waliingia Katesh kama hamsini, wamevaa vazi la ngozi, fimbo mkononi, wanaimba. Wanaume wa sokoni waliwapisha. Hata wale wa trafiki walisogea. Mwanangu alitoka dukani na miwani ya jua.

"Mambo yenu ya porini yapelekeni porini. Mimi ni mtu wa biashara. Kuna polisi hapa."

"Waite," alisema yule mkubwa. "Watatukuta bafuni. Tumesikia una bahari."

Wakaingia. Wote walitaka kuingia, walioshindwa wakajaa korido. Wakavishika vile vitu, kamba ya katani, kioo, kisiki. "Huyu si mgunga wetu huyu? Umeletwa kuoga?" Damu ilikuwa bado kwenye sakafu ya kimchanga, imekauka. Kicheko kikafa. Yule mkubwa akaweka kidole ukutani penye zile nywele nyeupe, akakiingiza mdomoni, akakinyonya mbele ya mwanangu.

"Chumvi ya Balangida. Kwa hii ndiyo umevunja mtoto wa watu? Ng'ombe wangekuambia."

Walikaa nje kwenye majani waamue. Nikasimama nikaeleza yote, na la mchanga pia. Faini wakaipanga: dume jeusi kwa mwanangu. Na kwangu, kwa ulimi uliolala, mtungi wa asali. Mwanangu akakataa. Ndipo wakasimama, wakageuzia migongo mlango wake, na yule mkubwa akaanza sauti ile ya chini ya kumlaani. Wale wanawake ni wake na mama wa kila mtu aliyekuwa anamuuzia ng'ombe. Mwanangu aliivua miwani. Jasho lilikuwa linamshuka. Kabla sauti haijafika mwisho alikuwa ametuma mtu zizini.

Dume likaja, likakabwa pumzi mpaka likafa, likaliwa na wanawake palepale kwenye uwanja wa nyumba. Mimi nililia kama nilivyoahidi. Nililia na nyama mkononi.

Ikabaki la mkwe wangu. Alitolewa kwa jirani, uso umekuwa kama chungu kilichoungua, jicho la kushoto limezibwa, na jicho lile halikuona tena mpaka leo. Wakamuuliza anakwenda wapi.

"Nyumbani kwa mama yangu."

"Na mtoto?"

"Ananyonya. Nitamwacha vipi?"

Mwanangu akafungua mdomo kusema mtoto ni wa ukoo wake. Wanawake wakamtazama tu, mifupa ya dume lake mikononi. Akaufunga.

Nilibeba furushi kwa mkono mzima, nikamfuata. Hakuna aliyeniambia nifuate. Tulitembea mpaka Katesh ikawa nyuma ya mgongo, yeye mbele na mtoto, mimi nyuma. Kisha akaongea bila kugeuka.

"Yule ndama alipolamba nilikutazama, ukatazama pembeni."

"Nilitazama pembeni."

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Tangu lori lilipomwaga."

Alitembea. Nikafikiri ataniambia nirudi, na ningerudi. Kwenye korongo la kwanza maji ya mvua yalikuwa yanakimbia, mekundu, usawa wa magoti. Alisimama ukingoni, haoni vizuri mahali pa kukanyaga.

"Pita mbele," alisema. "Nitashika kanga yako. Lakini usiongee na mimi leo."

Nikaingia kwenye maji. Sikuongea.